Wanajua, lakini hawathubutu: ujasiri wa kujikinga na VVU kwa vijana wa Kimaasai

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Simanjiro, na mwenyewe ni binti wa Kimaasai. Siku za Jumamosi nakaa na vijana wa kijijini, wengine wanafunzi wangu, wengine morani waliokwenda kufanya kazi ya ulinzi Dar es Salaam na Zanzibar wakarudi. Nikiwauliza habari za Ukimwi wanajibu kila kitu. Lakini hakuna anayethubutu kuchukua kondomu kwenye boksi la zahanati, wasichana hawawezi kumwambia mwanaume "subiri", na kupima wanakukimbia. Kuna mmoja aliyerudi kutoka Dar mwanzoni mwa Agosti, anaoa mwezi wa Desemba, na kila nikikaribia habari ya kupima anahamisha mazungumzo. Wenzangu kazini wanasema tatizo ni mila. Je, ni kweli? Na ujasiri huo unafundishwaje?

Jibu:

Mwalimu, niruhusu nianze na wenzako wanaosema tatizo ni mila, kwa sababu tukikubaliana nao hapo, yote utakayoyafanya baadaye na hao vijana yatakwenda kombo. Nimefanya kazi ya uuguzi na ushauri nasaha katika maeneo ya wafugaji kwa miaka mingi, na nimekaa katika semina nyingi zinazofunguliwa kwa kuwaambia vijana wa Kimaasai kwamba mila zao ndizo zinazowaletea ugonjwa. Kijana akishaambiwa hivyo hubakiwa na njia mbili, ama aikane jamii yake ama amkane anayesema naye, na wengi huchagua hiyo ya pili. Wanainamisha vichwa, wanajibu maswali kama walivyofundishwa kuyajibu, wanapokea soda na nauli, kisha wanarudi bomani wakiwa wamejifunza jambo moja tu jipya, kwamba mtu wa afya anawadharau.

Tena hoja hiyo haina takwimu za kuisimamia. Sensa ya Tanzania haijauliza kabila la mtu tangu ile ya mwaka 1967, na utafiti wa kitaifa wa VVU hupanga matokeo yake kwa mkoa, umri na jinsia, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuonyesha kutoka humo kiwango cha maambukizi "cha Wamaasai". Tunachokijua kutokana na utafiti wa 2022 hadi 2023 ni kwamba asilimia 4.4 ya watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, wanawake wakiwa asilimia 5.6 na wanaume asilimia 3.0, na kwamba mikoa inatofautiana sana, kuanzia asilimia 1.7 Kigoma hadi asilimia 12.7 Njombe. Virusi hufuata watu wanakokwenda na kurudi. Ukitaka kuielewa Simanjiro, itazame Mererani na migodi yake ya tanzanaiti inayokusanya vijana kutoka kila upande wa nchi, na uwatazame hao morani wako ambao nusu ya mwaka wanalala kwenye kibanda cha mlinzi mjini, mbali na wazee, mbali na wake na wachumba, wakiwa na fedha kidogo mfukoni na upweke mwingi. Sisemi kwamba hakuna desturi yoyote yenye hatari. Nitazitaja mbili huko chini. Nasema kwamba mila ni chombo ambacho ndani yake kuna vitu vingi, na baadhi ya vitu hivyo ndivyo utakavyovihitaji kwa kazi yako.

Sasa tuje kwenye hilo unaloliona kwa macho yako, kwamba wanajua lakini hawathubutu. Mwaka 1999 ulianza mradi wa MEMA kwa Vijana katika jamii 20 za vijijini mkoani Mwanza. Jamii kumi zilipata masomo ya afya ya uzazi darasani, huduma rafiki kwa vijana kwenye zahanati, kondomu zilizosambazwa na vijana wenyewe na shughuli za kuhamasisha wazazi, na nyingine kumi zikawa za kulinganishia. Watafiti walipopima mwanzoni mwa miaka ya 2000, na walipopima tena mwaka 2007 na 2008, waliwakuta vijana wa mradi wana ujuzi mwingi kuliko wenzao, ilhali kiwango cha VVU hakikuwa na tofauti ya kutegemewa. Matokeo hayo yalituuma wengi tuliokuwa tukiamini kwamba elimu ikitosha, mwenendo utafuata wenyewe.

Mwanasaikolojia Albert Bandura alikuwa ameshaeleza tangu mwaka 1977 kwamba kati ya kujua jambo na kulitenda pana kitu cha tatu, nacho ni imani ya mtu kwamba yeye mwenyewe anaweza kulitenda jambo hilohilo, mahali hapohapo, mbele ya watu haohao. Ndiyo maana kijana anayelinda ng'ombe peke yake usiku kucha porini anashindwa kusimama mbele ya kaunta ya duka na kutamka neno "kondomu". Si mwoga, ila ujasiri wa porini na ujasiri wa dukani ni vitu viwili, na huo wa dukani hajawahi kuufanyia mazoezi. Kwa maelezo ya Bandura, imani hiyo hujengwa zaidi na mtu kuwahi kulifanya jambo akafanikiwa, hata kwa kiasi kidogo. Baada ya hapo husaidiwa na kumwona mtu anayefanana naye akilifanya, na maneno ya kutia moyo kutoka kwa anayemheshimu, na namna anavyousoma mwili wake mwenyewe pale moyo unapomwenda mbio. Utaona kwamba maneno ya kutia moyo ni sehemu moja tu kati ya hizo, na tena si iliyo na nguvu kubwa, lakini semina zetu zimejaa hayo peke yake.

Hapa ndipo mila yenu inapoingia kama msaada. Unaijua enkanyit kuliko mimi, ile heshima inayompangia kila mtu nani anaweza kusema naye nini. Kwa enkanyit, mabinti wa wanarika wenzake mwanaume ni mabinti zake, na mambo ya mwili hayatamkwi mbele yao. Sasa fikiria semina ya kawaida: mhudumu wa afya mwanaume mwenye miaka hamsini, wa rika la baba zao, amesimama na bango lenye picha, mbele yake wasichana wa miaka kumi na sita wamekaa benchi moja na kaka zao, pembeni ameketi mwenyekiti wa kijiji, na nyuma wamesimama wazee wawili waliokuja kusikiliza. Kila aliyepo pale anaivunja enkanyit kwa kukaa tu. Vijana wanapoinamisha vichwa tunaandika kwenye ripoti kwamba "hawakushiriki kikamilifu", wakati walichokifanya ni kuonyesha adabu waliyolelewa nayo, katika mkusanyiko ambao sisi ndio tuliupanga vibaya.

Panga vikao vyako kwa rika na kwa jinsia, na kila kikao kiongozwe na mtu ambaye enkanyit inamruhusu kusema. Kwa morani, huyo ni morani mwenzao, ikiwezekana mmoja aliyekwisha kuishi mjini, aliyewahi kupima na yuko tayari kusema kwamba alipima. Kwa wasichana, ni mwanamke kijana aliyeolewa, au kokoo wa boma anayeaminika, kwa sababu bibi ana uhuru wa kutaniana na wajukuu kwa maneno ambayo mama hawezi kuyatamka. Wewe mwenyewe, dada yangu, una milango unayoweza kuingia na mingine huwezi, hata kama una digrii na chaki mkononi. Kwa wasichana na kwa wanafunzi wako uko mahali pako. Kwa morani, kazi yako ni kumwandaa atakayesema, kumpa habari sahihi, na kukaa mbali kikao kinapoanza. Na kabla ya yote nenda kwa laigwanani, yaani kiongozi wa rika husika, umweleze nia yako. Ukipata neno lake, neno hilo litafungua mlango ambao barua ya mkurugenzi haiufungui.

Vikao hivyo vifanyike kwa Kimaa. Kiswahili kwa vijana wengi wa huko ni lugha ya shule, ya ofisi na ya polisi, na mambo ya kitandani hawajawahi kuyasema kwa lugha hiyo. Wakiulizwa kwa Kiswahili wanajibu kwa Kiswahili cha mtihani, "tuepuke ngono zembe", na hapo hakuna aliyesema lolote. Waache wenyewe watafute maneno. Niliwahi kukaa nje ya kikao cha wasichana wanane waliotumia karibu saa nzima wakibishana ni neno gani la Kimaa linafaa kwa kondomu bila kumwaibisha anayelitamka. Mimi niliona muda unapotea. Mwezi uliofuata niligundua kwamba lile neno walilochagua lilikuwa linatumika kisimani, wakati wa kuchota maji, na hapo nikaelewa kwamba saa ile ndiyo ilikuwa somo lenyewe.

Kuhusu kondomu, usidhani kila anayekataa anakataa kwa kutojua. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2007, uliofanyika miongoni mwa Wamaasai wa Kenya na wa Tanzania, ulionyesha kwamba wengi waliitazama kondomu kama kitu kinachopoteza mbegu, na mbegu kwao ilikuwa na maana zaidi ya kupata mtoto, kwa kuwa iliaminika kuukuza mwili wa msichana. Ukimjibu mtu mwenye imani hiyo kwa kumrudia kwamba kondomu huzuia virusi, hujamjibu. Mpe nafasi aiseme imani yake, kisha mwulize anataka mbegu hiyo imletee nini, mtoto mzima na mke mwenye afya au vinginevyo, na mazungumzo yaendelee kutokea hapo. Yatachukua zaidi ya siku moja, na usiyaharakishe.

Baada ya maneno yanakuja mazoezi, na hapa nakuomba usione haya. Nakumbuka kikao cha morani tisa chini ya mgunga, karibu na lambo lililokauka, ambapo mwelimishaji rika alikuwa amechonga kipande cha mti na kumpa kila mmoja pakiti mbili. Wa kwanza, kijana mrefu mwenye rubega nyekundu ya miraba, aliishika pakiti kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayeokota kaa la moto, akaichana kwa meno, na kondomu ikachanika pamoja nayo. Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mmoja alijua zamu yake inakuja. Mara ya pili aliivalisha kinyume ikagoma kushuka. Akaonyeshwa tena taratibu: kusoma tarehe, kubonyeza pakiti kusikia kama bado ina hewa, kuchana kwa vidole pale penye meno ya msumeno, kuminya ile ncha ili hewa isiingie, kushusha hadi chini, na baadaye kuishika kwenye shina wakati wa kutoka. Alipofika mara ya tano mwelimishaji alimfunga macho kwa kona ya shuka, kwa kuwa usiku bomani hakuna taa, naye akamaliza kabla wenzake hawajahesabu hadi kumi na tano. Walimshangilia kwa ule mngurumo wa kifuani wanaoutoa wakiruka. Ujasiri anaousema Bandura niliuona ukizaliwa pale, na haukutokana na hotuba ya mtu yeyote. Siku ileile waliuliza maswali ambayo hakuna bango linaloyajibu, kwa mfano kama mafuta ya ng'ombe yanafaa kulainisha. Hayafai, wala mafuta mengine ya kupaka hayafai, kwa sababu mafuta huuharibu mpira wa kondomu na ukapasuka. Vilainishi vya maji ndivyo salama. Na kondomu isikae kwenye mkoba unaochomwa na jua kutwa.

Boksi la zahanati nalo lina tatizo ambalo si la vijana. Naijua zahanati moja ambako boksi la kondomu limetundikwa ukutani mkabala na benchi la wagonjwa, na benchi hilo kila asubuhi limejaa mama, shangazi na wakwe. Nani atachukua? Zungumza na mganga mfawidhi walihamishie karibu na choo cha nje, au awape waelimishaji rika wagawe wenyewe. Ni kazi ya nusu saa, na mara nyingi inafanya zaidi ya mwezi mzima wa semina.

Kwa wasichana suala ni zito zaidi, na lazima nilitenganishe mara mbili. Msichana mwenye uhusiano na kijana wa umri wake anaweza kufundishwa kusema, na mafunzo hayo yanafanyika kwa kuigiza wawili wawili. Mmoja anakuwa mwanaume, anabembeleza, anakasirika, anasema "hunipendi", anasema "wewe umeshasoma ndiyo maana unaringa". Mwingine anajibu, na akikwama wenzake wanampa maneno. Sentensi ziwe fupi na ziwe zake mwenyewe: "Nakupenda, bila kinga sitaki." "Twende zahanati wote wawili kwanza." Arudie mpaka sauti iache kutetemeka, kwa sababu hiyo sauti ndiyo atakayoisikia mwenyewe siku yenyewe, na ndiyo itakayomwambia kama anaweza. Lakini msichana wa miaka kumi na nne anayepelekwa kwa mwanaume wa miaka arobaini hahitaji ustadi wa kusema "subiri". Huyo anahitaji watu wazima wanaotimiza wajibu wao. Ni kosa kubwa kumtwisha mtoto mzigo wa kujadiliana na mtu mwenye nguvu kumzidi kwa kila kipimo, halafu tukaja kusema hakujiamini. Sheria ya mwaka 2016 inamtishia kifungo cha miaka thelathini anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya miaka kumi na minane. Wasichana wako wazijue sheria hizi, wajue simu 116 ya kumsaidia mtoto, na wajue kwamba msichana aliyebakwa akifika kituo cha afya ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi, zinazomezwa kwa siku 28. Kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa, kwa hiyo asikae nyumbani kusubiri kikao cha ukoo kiishe.

Hapo ndipo zinapoingia zile desturi mbili nilizoahidi. Ya kwanza ni kisu cha ngariba. Kisu kimoja kikipita kwa watoto kadhaa bila kuchemshwa kinaweza kubeba damu yenye virusi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na mabomba ya sindano yanayotumiwa na watu zaidi ya mmoja ni vivyo hivyo. Maboma mengi yameshahamia kwenye wembe mmoja kwa kijana mmoja, na wazee waliolifanya hilo wanastahili kupongezwa hadharani. Ya pili ni dhana kwamba aliyetahiriwa amekwisha kukingwa. Tafiti za Orange Farm nchini Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda, zilizochapishwa kati ya mwaka 2005 na 2007, zilionyesha kwamba tohara hupunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Lakini tohara iliyochunguzwa ni ile inayoondoa govi lote, na kwa mtindo wa jadi wa Kimaasai sehemu ya govi huachwa ikining'inia. Aliyetahiriwa kwa jadi asijihesabie kinga hiyo, na hata aliyetahiriwa hospitalini bado anabakiwa na hatari, na mwenzake hakingwi na tohara hiyo moja kwa moja. Hili aliseme morani mwenzao. Likisemwa na mgeni litageuka kuwa tusi kwa emurata, tohara yao ya jadi.

Kabla sijafika kwenye kupima, nataka kukupeleka mbali kidogo, kwa sababu vijana wako wana wenzao duniani. Jimbo la Saskatchewan nchini Kanada limekuwa kwa miaka mingi na kiwango cha juu cha maambukizi mapya nchini humo, na mzigo mkubwa umewaangukia watu wa mataifa ya asili, hasa kupitia sindano za dawa za kulevya. Nyuma ya takwimu hizo kuna historia ya shule za bweni ambako watoto zaidi ya 150,000 wa jamii za asili walipelekwa kwa miongo mingi, wakakatazwa lugha zao na kufundishwa kuionea aibu miili yao na wazazi wao. Kijana aliyelelewa na mzazi aliyenyimwa lugha ya kusemea mwili ataitoa wapi? Mwaka 2011 jamii ya Wakrii ya Big River iliamua kuanzisha mpango wake yenyewe, ikauita kwa maneno yenye maana ya "jua hali yako", ukasimamiwa na viongozi wao na wauguzi wao, vipimo na tiba vikawafuata watu walipo, na wazee wakawa sehemu ya uponyaji. Mazingira yao si yenu, na sindano za dawa za kulevya si habari kuu ya Simanjiro. Kinachofanana ni kwamba vijana wa jamii za asili, wawe Wakrii, Wamaasai, Wahadzabe au Waogiek, wamezoea kuzungumziwa kama tatizo, na wale wa Big River walianza kusonga mbele pale jamii ilipolishika suala hili mikononi mwake.

Kupima sasa. Mwaka 2019 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria ya VVU ya mwaka 2008, likashusha umri wa kupima bila ridhaa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15, na likaruhusu watu kujipima wenyewe. Majibu ni siri kwa mujibu wa sheria hiyohiyo. Kipimo cha kujipima cha majimaji ya kinywani hakihitaji damu; mtu anapitisha kijiti kwenye fizi, anakitia kwenye chupa yake, anasubiri dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, anasoma mistari. Mistari miwili haitoshi kumwambia mtu kwamba ana VVU, inamwambia aende kituoni kuthibitisha. Mstari mmoja unategemewa kama imepita miezi mitatu tangu alipojiweka hatarini mara ya mwisho. Anayetumia tayari ARV asikitumie, kitamdanganya. Kwa kijana anayeogopa kuonekana kwenye foleni, kipimo hiki ni hatua ndogo anayoweza kuifanya akafanikiwa. Pia wapo ambao maisha yao yana hatari kubwa ya kuambukizwa, na hao wanaweza kuuliza kwenye CTC ya karibu, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, kuhusu dawa kinga, ambazo hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa sana zikimezwa kama ilivyoelekezwa.

Lakini hofu haitoki kwenye kijiti. Inatoka kwenye kile ambacho kijana anaamini kitafuata, nacho kwa wengi bado ni picha ya mtu aliyekonda miaka ya tisini. Kwa hiyo waeleze, na mtafute mtu mmoja anayeishi na VVU aliye tayari kusema kwa hiari yake, kwamba leo aliyekutwa na virusi anaweza kuanza dawa siku hiyohiyo, na kwamba virusi vikifubazwa hadi kipimo kisivione, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Tafiti zilizowafuatilia maelfu ya wenza, mmoja akiwa na VVU na mwingine hana, hazikupata hata maambukizi moja yaliyotoka kwa mwenza ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubazwa kiasi hicho, na Shirika la Afya Duniani limelithibitisha hilo. Mama anayetumia dawa vizuri anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na VVU. Mtu asiyejua haya anapokataa kupima ana mantiki yake: kwa nini akatafute hukumu?

Na huyo anayeoa Desemba? Usimfuate tena. Kila unapomkaribia unamweka mahali ambapo heshima inamtaka akukwepe, na akikukwepa mara ya tano atakuwa amejifunza kukwepa vizuri zaidi. Mtafute morani wa rika lake, yule aliyekwisha kupima, umpe vipimo viwili vya kujipima, kimoja cha kwake yeye msemaji, kwa sababu ni rahisi kuambiwa "tupime" kuliko "kapime". Waende olpul, kambi ya porini ya kula nyama, au popote wanapokaa wenyewe bila wanawake na bila watoto. Kabla ya kufungua boksi amwulize maswali mawili: ukikuta huna, utafanya nini ubaki hivyo hadi harusi na baada ya harusi? Ukikuta unavyo, nani wa kwanza utamwambia? Asimhimize kufungua mpaka amejibu la pili, kwa kuwa aliyekwisha kumtaja mtu wa kumwambia hayuko peke yake tena. Akipata mistari miwili, huyo rafiki aende naye kituoni kesho yake, waingie wote, na mchumba aelezwe kwa msaada wa mshauri kabla ya harusi. Ndoa inawezekana, na watoto wanawezekana.

Apime sasa, asisubiri. Akipata mstari mmoja, arudie. Kama mara ya mwisho aliyojiweka hatarini ilikuwa mwishoni mwa Julai, kabla hajapanda basi kurudi nyumbani, miezi mitatu inatimia mwishoni mwa Oktoba. Kipimo cha pili akifanye wiki ya kwanza ya Novemba, safari hii pamoja na mchumba wake, na bado watakuwa na wiki kadhaa mbele yao kabla ya siku ya kuhesabu ng'ombe.